Kipi, na Nini, kwa Lipi

Binti yake alinipigia simu nikiwa napanguza vioo vya sebule, akaniambia Mwalimu amekataa kula. Tangu alipotoka hospitali amekataa uji, amekataa maziwa, hata maji ya kijiko anayatema. Kiharusi kilikuwa kimemlaza upande wa kulia na kumwachia maneno mawili tu, na hayo mawili alikuwa akiyasema mchana kutwa: chungu juu.

"Chungu juu, chungu juu," binti yake akasema kwenye simu, na nikasikia kwamba amelia hadi amechoka kulia. "Daktari kasema asipokula leo, kesho anarudi wodini atiwe mpira wa puani. Wewe ulikuwa ukikaa naye Ghulail. Labda wewe utajua anataka nini."

Nikamwambia nitakuja. Nilivyosema utadhani nina gari na funguo mkononi. Nilikuwa Riyadh kwa watu, kazi za ndani, na mtu wa kwa watu hatoki kwa sababu moyo wake umetoka. Nikamwendea madam, nikamweleza. Akafikiri, akasema baba, yaani mumewe, ataniteremsha njiani akienda kazini kwake Al-Sulay, kwenye maghala, kisha atanipitia baada ya Asri. Lakini kwanza nipike. Basi nikapika. Nilichopika siku ile sikijui mpaka leo. Nilikuwa nageuza mwiko huku namwona Mwalimu, na haya ninayoyasimulia ni yale yaliyonijia pale jikoni, moja likivuta jingine.

Nilimjua Jeddah. Mama yake madam alikaa mtaa wa Ghulail, na kila Ijumaa tulikwenda kumtembelea, mimi nikiwa nyuma na watoto na masufuria. Mlango wa pili palikuwa na mwanamke wa Kizanzibari ambaye jengo zima lilimwita Mwalimu, hata Wayemeni wa dukani na mafundi wa Kisudani. Alifundisha wapi, lini, darasa la ngapi, sikuwahi kujua sawasawa. Alikuwa Mwalimu kwa jinsi alivyokutazama unapofungua mdomo, akingoja ukosee.

Ijumaa ya kwanza alinisikia kwenye ngazi nikimtuliza mtoto kwa Kiswahili. Ijumaa ya pili alibisha hodi kwa mama yake madam na sahani ya visheti, akasema kwa Kiarabu kilichonyooka kuliko cha wenyewe: niazimeni msichana huyu saa ya alasiri, macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, sina wa kunitungia uzi. Nikaazimwa kama ungo. Nilipofika kwake nikatafuta sindano. Hakuna sindano. Akanionyesha ndege kwenye waya wa jengo la mbele, akaniuliza kama ninaona kwamba mguu wake mmoja una kidonda. Mimi sikuuona mguu wenyewe.

"Mwalimu, mbona umesema uongo?" Nilikuwa na mdomo, sikatai.

"Nimesema sina wa kunitungia uzi. Unamwona mtu humu ndani?" Akanisukumia mto. "Kaa."

Kwake hapakuwa na kiti. Palikuwa na mkeka, mito ya kuegemea ukutani, na ukingo wa vigae vitupu uliobaki kati ya mkeka na mlango. Binti yake alipata kumletea kiti cha kupumzikia, kikubwa, cha ngozi, kutoka Riyadh. Alikifanya mahali pa kuanikia kanga. Akisema mtu aliyekaa juu anasikia maneno yakiwa yamepoa.

Tulikuwa wanawake wachache, na wengine walikuja mara moja wasirudi, kwa sababu ruhusa ilikuwa haitabiriki. Waliodumu ni mimi na Chebet, msichana wa Kericho aliyefanya kazi Al-Mahjar, mrefu, mcheshi, mwenye njaa ya kudumu. Chebet alikuja kwa ajili ya visheti, mwenyewe alisema. Mimi nilikuja kwa sababu ilikuwa saa pekee katika juma ambayo mtu aliniuliza swali lisilohusu nyumba yake.

Na maswali yake yalikuwa matatu. Alikuwa na kitabu cha hadithi fupi kisicho na jalada wala kurasa za mwanzo, hata yeye hakujua kinaitwaje. Alitusomea hadithi moja kila Ijumaa, polepole, na kazi yetu ilikuwa kusikiliza pale mwandishi anapofananisha kitu na kitu. Akitumia neno la kufananishia, kama au mithili ya, hiyo ni tashbihi, na tuligonga kigae kwa kifundo cha kidole. Akifananisha bila hilo neno, akisema tu huyu ni jabali na yule ni moshi, hiyo ni sitiari, na tulilaza kiganja chote juu ya kigae. Chebet akauliza kwa nini moja ipigwe na nyingine ilaziwe kiganja.

"Tashbihi inabisha hodi, mwanangu," akasema. "Ile kama ni hodi yake, nasi tunaigongea. Sitiari inaingia bila ya hodi. Ndiyo maana tunaiwekea mkono, isitupite."

Tukishagonga au kulaza, yakafuata yale maswali. Kipi kinafananishwa? Na nini? Kwa lipi? Mawili ya kwanza, alisema, hata paka wa dukani anayajibu. La tatu ndilo lililotutoa jasho.

Nakumbuka hadithi ya fundi cherehani aliyerudi safari akakuta mkewe amebadilika. Mwandishi alisema mke yule alizungumza mchana kutwa kama cherehani isiyo na uzi. Tukagonga. Kipi? Mazungumzo ya mke. Na nini? Cherehani isiyo na uzi. Kwa lipi? Chebet akasema kwa kelele. Mwalimu akatikisa kichwa. Mimi nikasema kwa kuchosha. Akatikisa tena.

"Kelele ni nusu yake. Angelitaka kelele tu angelisema cherehani, akanyamaza. Kwa nini akauondoa uzi? Nyie mmeshona. Cherehani haina uzi, kitambaa kinapita. Inafanya nini?"

Mikono yangu ikajibu kabla yangu, maana nyumbani Wundanyi nimekanyaga cherehani ya shangazi yangu tangu sijafika kwenye pedeli vizuri. "Inatoboa," nikasema. "Inatoboa tu. Haiungi."

Hakunisifu. Alisukuma sahani ya visheti upande wangu, akaiacha hapo, na Chebet akaiangalia kwa huzuni. Wiki ile yote, madam na baba walipokuwa wakizungumza mezani, maneno mengi na hakuna aliyemsikia mwenzake, nilikuwa nasimama jikoni nikiijua ile cherehani. Sikuweza kumweleza mtu. Lakini nilifurahi peke yangu, na furaha ya peke yako katika nyumba ya watu si kitu kidogo.

Alikuwa na hasira na jambo moja kuliko yote, nalo ni mauti. Sisi wanafunzi wake tulikuwa tukikwama, tunasema mauti. Jua likizama kwenye hadithi, Chebet anasema huyu atakufa. Majani yakianguka, amekufa. Siku moja mwandishi akasema taa ya chumba cha mzee ilizimwa, nami kwa sauti ya kanisani nikasema: maisha yake yamefika mwisho.

Mwalimu akafunga kitabu. "Kila kitu kwenu ni mauti. Jua, mauti. Jani, mauti. Mtu hawezi kuzima taa kwa sababu ana usingizi? Tazameni kwanza chumbani. Chumbani mna nini? Kuna kitanda, kuna mzee, kuna taa, na amechoka. Mkishakosa jibu chumbani, basi ndiyo mtoke mwende huko makaburini kwenu."

Akafungua akaendelea. Ukurasa wa pili yule mzee akaamka, akaomba chai.

Ishara ya tatu aliileta yeye baadaye, tulipoanza ujuaji wa kuona mafumbo kila mahali. Mwandishi anasema mwanamke alifungua dirisha, sisi tumeshalaza viganja. Hapo aliuondoa mkono wake kwenye kigae, akaurudisha mapajani, akautuliza humo. Maana yake: hapa hapafananishwi kitu na kitu, ni neno lenyewe kama lilivyo, liacheni. Ilitusumbua kuliko zile mbili. Kugonga kunapendeza, mtu anajiona amevumbua kitu. Kurudisha mkono mapajani ni kukubali kwamba dirisha ni dirisha.

Usidhani alikuwa mtu wa sawasawa wakati wote. Aliyetufundisha kutopambapamba maneno, ukimsikia dukani akibishania bei ya nyanya utadhani anaghani. Alimwambia Myemeni nyanya zake zina kunyanzi kumshinda yeye, na kwamba akizipika zitamwita mjukuu. Myemeni alimpunguzia ili aondoke. Alituambia kusikiliza ni adabu, na yeye mwenyewe alisinzia katikati ya hadithi zake, kitabu mkononi, nasi tukabaki tumekaa tukisikia feni. Alichukia sauti za kurekodiwa za simu, alisema ni maneno yaliyokaa nje yakapigwa na vumbi, lakini za wajukuu zake wa Riyadh alizisikiliza mpaka simu ikazima. Na kikombe chake cha kahawa hakuna aliyekigusa. Chebet alikigusa siku moja, akaambiwa akakioshe mara mbili.

Jambo la kumwita mtu baba lilimchekesha sana. Sisi tulizoea: mwenye nyumba ni baba, mkewe ni madam au mama. Akauliza siku moja: huyo mnayemwita baba, mnafananisha au ndiye? Tukasema tunafananisha, bila shaka, baba zetu wako Kenya.

"Basi lazeni viganja." Tukalaza. "Kipi? Mwenye nyumba. Na nini? Baba. Haya, kwa lipi?"

Mimi nikasema labda kwa kulisha, maana chakula ni chake. Chebet akasema, "Wangu ni kwa kukaa na pasipoti yangu. Baba hakuachi utoke."

Tulicheka, na Mwalimu akacheka mpaka akajifuta macho na ukaya wake wa kichwani. Kisha akamuuliza Chebet hilo ni mzaha au ni neno lenyewe. Chebet akauondoa mkono wake kwenye kigae. Hakuutupa mapajani, aliuweka taratibu, na hapo ndipo tulipojua. Mkataba wake ulikuwa umekwisha zamani, na kila akiomba kurudi kwao kafili wake, yaani yule baba, anasema bukra, kesho, na kesho haikuwa ikifika.

Ikapatikana siku ya kwenda ofisi ya kazi kushtaki. Chebet alikuja Ijumaa ametunga maneno yake ya kusema kule, na yalikuwa matamu, ninakiri. Kwamba anateseka kama punda wa mchanga, kwamba nyumba ile ni shimo lisilo na ngazi, kwamba amekuwa mshumaa unaowamulikia wengine. Aliyatoa kwa sauti nzuri huku akimtazama Mwalimu, akingoja sahani.

"Mazuri," Mwalimu akasema. "Yaache hapa."

Chebet akaudhika. "Si wewe umetufundisha?"

"Nimekufundisha kuyasikia. Huko ofisini usipeleke punda, mwanangu. Yule karani anaona punda kila siku. Peleka tarehe. Mkataba umekwisha lini, pasipoti iko kwa nani, unataka nini. Mkono uwe mapajani muda wote."

Walikwenda pamoja, yeye akiwa mkalimani, na Chebet alinieleza baadaye kwamba Mwalimu alitafsiri neno kwa neno kwa sauti kavu, hakuongeza wala kupunguza, na pale Chebet aliposhindwa akaanza kusema kama, kama, alimbana paja. Ilichukua muda. Lakini Chebet alirudi Kericho, na siku ya kuondoka alipita na mfuko wake Ghulail akaomba kikombe kile cha kahawa, Mwalimu akampa, akanywa humo.

Baada ya hapo nilibaki mimi. Ndipo nilipothubutu kumuuliza yeye alikujaje huku. Wenzake wa Jeddah waliokuja kutoka Zanzibar miaka ile ya mapinduzi walikuwa na masimulizi yao, na walikuwa wakiyatoa arusini na matangani, kila mmoja na namna yake. Yeye nilikuwa sijamsikia hata mara moja. Nikafikiri mtu wa mafumbo kama huyu atakuwa na fumbo moja kubwa, nikajiweka sawa kwenye mto nilipokee.

"Nilikuja," akasema. "Halas. Basi."

Mkono ulikuwa mapajani.

"Hufananishi na kitu, Mwalimu?"

"Yapo mambo hayafanani na kitu. Ukiyafananisha umeyadhulumu." Akanyoosha mkono akachukua kitabu. "Tulikuwa ukurasa gani?"

Tulikuwa kwenye hadithi ya mama mkwe, na hii ndiyo niliyoikumbuka zaidi nikiwa nageuza mwiko. Mama mkwe amehamishwa kutoka kwake akaletwa kwa mwanawe mjini, nyumba ya kisasa, kila mtu anampenda. Mwandishi akasema: mama mkwe alikuwa chungu cha udongo katika jiko la gesi. Nikalaza kiganja. Kipi? Mama mkwe. Na nini? Chungu cha udongo. Kwa lipi? Nikasema kwa uzee, kwa kupitwa na wakati. Akasema hilo kila mtu analiona, endelea. Chungu kikiingia jiko la gesi kinafanywaje? Nikafikiri. Kinawekwa juu, nikasema, juu kabisa kwenye rafu ya jikoni, wageni wakija wanaonyeshwa. Kinapanguzwa vumbi. Hakuna anayekipikia.

"Na hao waliokiweka juu wanakichukia?"

"La. Wanakipenda. Wanaogopa kisivunjike."

Kiganja chake kilikaa kwenye kigae muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote. Sikujua anafikiri nini. Mwaka uliofuata baba alihamishwa kazi, nasi tukahamia Riyadh, na Mwalimu alinisindikiza hadi kwenye ngazi akanipa visheti kwenye karatasi. Simu zetu zilikuwa chache, maana alizichukia, nami nilikuwa nimebakiza miezi michache kwenye mkataba wangu nirudi nyumbani Taita. Kisha ikaja simu ya binti yake, aliyekuwa amemhamishia kwake Riyadh baada ya kiharusi.

Baba aliniteremsha mlangoni, akasema baada ya Asri, nisimngojeshe. Binti wa Mwalimu alinifungulia, mwanamke wa makamo mwenye macho ya mama yake, yale yale ya kungoja ukosee, ila yake siku ile yalikuwa yamevimba. Akanikumbatia kama mtu tuliyezaliwa naye. Nyumba ilikuwa nzuri, zulia hadi ukutani. Chumba cha Mwalimu walikuwa wameking'oa zulia wakaacha vigae ili kisafishike upesi, na katikati pamesimama kitanda cha hospitali, kipya, kirefu kwenda juu, chenye vyuma kila upande na magurudumu.

"Tumekinunua," binti yake akasema, akipapasa kile chuma. "Bora kuliko cha wodini."

Na juu yake, mwisho kabisa, Mwalimu. Alikuwa amepungua. Mdomo umevutwa upande mmoja, ushungi umefungwa na mtu mwingine, si kwa namna yake. Nikasema shikamoo. Macho yakanijia. Yale yalikuwa mazima.

"Chungu juu," akasema.

"Unasikia?" binti yake akasema. "Mume wangu alidhani ana hamu ya chakula cha chungu, tukamletea chungu chenyewe kitandani, akageuza uso. Mimi najua maana yake." Sauti ikamkatika. "Chungu kimeiva, kimeondolewa motoni. Anatuaga. Ndiyo maana hali. Anaona yamekwisha."

Nilikaribia kulia naye. Maana ilikuwa inaingia, na mtu akilia mbele yako unaona maana yake ndiyo. Lakini nilisikia ile sauti: kila kitu kwenu ni mauti. Nikainama nikamwambia, "Mwalimu, ni kile chungu cha jiko la gesi? Wamekuweka juu kama pambo, hakuna anayekutumia?"

Macho yakawaka, akanitazama kwa nguvu, nikajua nimegusa. Kisha akakunja uso, uso ule ule wa 'kelele ni nusu yake'. "Chungu juu," akasema tena kwa hasira, na mkono wake mzima, wa kushoto, ukapita kati ya vyuma vya kitanda ukaning'inia, vidole vikitafuta hewani.

"Hivyo ndivyo anavyofanya," binti yake akasema, akaushika mkono kwa upole akaurudisha juu ya shuka. "Daktari kasema tuuangalie, asije akajiangusha."

Ukarudi tena chini. Akaurudisha. Ukarudi.

Tazameni kwanza chumbani. Nikatazama. Chumbani kuna kitanda. Kuna mwanamke aliyekaa chini maisha yake yote ninayoyajua. Kuna vigae, vitupu, mbali kabisa na mkono wake. Nikahisi moto kifuani, si huzuni, ni ile furaha ya cherehani, na nikaona aibu kufurahi mbele ya mgonjwa.

"Dada," nikamwambia, "anataka ashushwe. Anataka sakafu."

Alinitazama kama nimemtukana. Na nilimwelewa. Alikuwa amenunua kilicho bora, halafu anakuja mfanyakazi wa nyumba ya watu kumwambia mama yako anataka kuwekwa chini. "Daktari kasema kitandani," akasema. "Akiumia? Akipata baridi? Watu watasema nimemlaza mama yangu sakafuni."

"Watasema," nikamwambia. "Lakini tazama mkono."

Aliutazama. Alisimama pale, kashika chuma cha kitanda chake kizuri, mama akiwa ananyoosha vidole kuelekea chini bila kusema tena lile neno, maana sasa alikuwa anatusikiliza. Kisha binti yake akatoka. Nikadhani ameudhika. Alirudi na godoro dogo la wageni mgongoni na mito miwili, akalitupa ukutani, akasema, "Mshike miguu. Mimi namshika mabega. Na tukimwangusha, mwenye kosa ni wewe."

Hatukumwangusha. Tulimwegemeza ukutani, tukambana na mito, tukaacha ukingo wa vigae upande wa mkono wa kushoto. Alifumba macho. Mkono ukashuka, ukafika. Aliupitisha juu ya kigae mara kadhaa, akitafuta mahali pake.

Sikuwa na kitabu. Nikaanza kwa kichwa hadithi ya fundi cherehani, nikitia chumvi pale niliposahau. Fundi akarudi safari. Akamkuta mkewe amebadilika. "Mkewe," nikasema, "alizungumza mchana kutwa kama cherehani isiyo na uzi."

Kifundo cha kidole kikagonga kigae. Dhaifu, lakini kiligonga.

Binti yake akaziba mdomo. Nikamwashiria bakuli la uji. Akakaa chini, mara ya kwanza tangu niingie, akatia kijiko mdomoni mwa mama yake wakati mimi naendelea kusimulia, na Mwalimu akameza bila kuniondolea macho, kama mtu anayefukuza nzi wakati wa mazungumzo muhimu. Nikamsimulia na ya mama mkwe. Nilipofika kwenye chungu katika jiko la gesi, kiganja kikalala chote. Binti yake akauliza nini maana ya kugonga na kulaza, nikamweleza, na ya mkono mapajani pia, naye akaanza kufanya pamoja nasi, anachelewa kidogo, anagonga pa kulaza, na kila akikosea Mwalimu anamtupia jicho, na yeye anacheka huku machozi yanamtoka. Bakuli liliisha.

Honi ikalia nje. Baba amefika. Nikasimama, nikajifunga mtandio. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha, nilikuwa narudi kwetu, na sote watatu tulijua hesabu hiyo bila kuitaja. Nikapiga magoti tena pale kwenye vigae, nikamshika ule mkono, nikamwambia lililokuwa karibu.

"Mwalimu, wewe ni mama yangu."

Kisha nikauachia mkono, nikauacha kwenye kigae, maana kwake hata kuagana ni darasa. Jibu nililijua, ni rahisi, ni la mwanafunzi wa kwanza. Hakunizaa. Mama yangu yuko Wundanyi, anafuga kuku. Binti yake naye alilijua, amejifunza saa moja iliyopita, akawahi kulaza kiganja chake sakafuni. "Sitiari," akasema kwa sauti ya chini, amefurahi kupata.

Mwalimu alimtazama. Akanitazama mimi. Akaunyanyua mkono wake kutoka kwenye kigae, taratibu, akaurudisha mapajani.

Honi ikalia tena. Binti yake aliutazama ule mkono. Kisha naye akauondoa wake sakafuni, akauweka mapajani.